Kurenda video ya harusi kwenye DaVinci Resolve: faili la TV, la YouTube na la WhatsApp

Video ya harusi ya saa mbili huwa na wateja watatu. Mama mzazi anataka flashi ya kuchomeka kwenye TV ya sebuleni. Shangazi aliyeko Muscat anataka kiungo cha YouTube. Kundi la WhatsApp la familia linataka kipande cha dakika moja, leo leo. Faili linalopendeza YouTube linaweza kugoma kabisa kwenye TV, na lile la TV likirushwa kwenye kundi linamaliza bando za watu. Kwa hiyo jiulize kwanza faili litachezwa na nini. Kodeki (njia ya kubana picha), rezolusheni (idadi ya pikseli) na bitireti (data kwa kila sekunde) vinafuata baada ya jibu hilo.

Maelezo haya ni ya kurenda, yaani kutoa faili la mwisho, kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha, na majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini. Hesabu zake zinafaa pia kwenye programu nyingine kama Premiere au Kdenlive.

Mambo yanayoamuliwa kabla ya kurenda

Kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, hupangwa siku ya kwanza ya mradi. Fungua Project Settings (Shift+9), nenda Master Settings, weka Timeline frame rate kabla hujaingiza klipu hata moja, kwa sababu zikishaingia namba hiyo hujifunga. Kwa kazi za kwetu chagua 25. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na kamera ikipiga fremu 25 kwa shata ya sekunde 1/50 taa za ukumbi hazipepesi. Ukirenda kwa fremu 30 taimulaini (mstari unaopangia klipu) ya 25, programu italazimika kurudia fremu, na mwendo wa kamera utaonekana unadunda.

Tatizo kubwa zaidi ni klipu za simu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi isiyotulia: sekunde hii fremu 30, sekunde ile 28, kutegemea mwanga na joto la simu. Mwanzoni huoni kitu. Dakika ya kumi, maneno ya MC yanaanza kuachana na midomo yake. Hakuna mpangilio wa kurenda utakaoponya hilo. Pitisha klipu hizo kwenye HandBrake, programu ya kubadili mafaili ya video, kabla ya kuhariri: kichupo cha Video, chagua Constant Framerate, FPS 30, na RF (kipimo cha ubora) 18 ili ubora usishuke kwa macho. Kisha ingiza mafaili mapya. Zitakapokaa kwenye taimulaini ya 25, fremu moja kati ya kila sita itatupwa, na klipu yenye mzunguko wa kamera itaruka kidogo. Hicho ni kilema cha kuvumilika kuliko sauti inayochelewa.

Kama ulikuwa unahariri kwa proksi (nakala nyepesi za klipu), hakikisha mafaili halisi yapo kwenye diski iliyochomekwa. Kwenye mipangilio ya kurenda, chini ya Advanced Settings, kuna kisanduku cha Use proxy media. Kiache bila tiki. Kikiwa na tiki, kazi nzima inatoka kwa proksi zile nyepesi, na utabaki unailaumu kamera.

Hesabu ambayo hutakiwi kuikwepa

Bitireti ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde. Ukubwa wa faili ni bitireti ya picha ukijumlisha ya sauti, mara sekunde, gawa kwa 8. Rezolusheni haimo kwenye hesabu hiyo. Video ya 720 na ya 4K zikipewa bitireti moja zitatoka na uzito ule ule. Tofauti ni kwamba ile ya 4K itakuwa imebanwa hadi ikapasuka vijisanduku.

Chukua harusi ya saa 2, yaani sekunde 7,200, kwa megabiti 8. Jibu ni megabaiti 7,200, karibu GB 7.2. Sasa kumbuka flashi nyingi zinazouzwa madukani zimefomatiwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili), na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe ya GB 64 na tupu kabisa. Unakopi, Windows inakwambia faili ni kubwa mno, mteja amesimama mlangoni.

Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni kufomati flashi kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, lakini TV za zamani na deki nyingi haziisomi, na huwezi kujua ya mteja ni ipi. Ya pili ni kubana saa mbili zote ziingie chini ya GB 4: picha kilobiti 4,200, sauti 192, jumla inakuja karibu GB 3.95. Inaingia, ila uwanja wa dansi utaumia. Ya tatu ndiyo nzuri: gawa vipande viwili vya saa moja moja. Kila kimoja kwa kilobiti 8,000 za picha na 192 za sauti ni karibu GB 3.7. Harusi yenyewe ina mahali pa kukata, ibada au nikahi upande mmoja na ukumbini upande wa pili. Majina yaanze na 01 na 02 ili TV iyapange kwa mfuatano.

Tengeneza masta kwanza

Usirende mara tatu kutoka taimulaini yenye rangi, maandishi na uondoaji wa chenga za picha (kama unatumia toleo la Studio, la kulipia). Kila mara kompyuta itapiga hesabu zote upya. Renda mara moja faili zito la masta (nakala kuu yenye ubora wa juu), halafu hayo mengine yatoke kwenye masta kwa haraka.

Nenda ukurasa wa Deliver (Shift+8, au alama ya roketi chini ya skrini). Upande wa kushoto chagua Custom Export, na chini yake Single clip. Kwenye Video weka Format iwe QuickTime, Codec iwe DNxHR, Type iwe HQ. Kwenye Mac unaweza kutumia ProRes 422 HQ, uzito wao unakaribiana. Resolution na Frame rate ziwe zile zile za taimulaini, 1920 × 1080 na 25. Kwenye Audio chagua Linear PCM, biti 24.

Masta ya namna hii inakula takriban megabiti 184 kwa sekunde, kwa hiyo saa mbili zinataka GB 165 hivi. Kama diski haina nafasi hiyo, shuka hadi DNxHR SQ, karibu megabiti 121, upate kama GB 109. Angalia nafasi kabla ya kuanza. Diski ikijaa katikati, kazi yote ya usiku imepotea.

Halafu kuna suala la umeme. Faili la MOV au MP4 huandika faharasa yake mwishoni, na hiyo faharasa ndiyo inayomwambia mchezaji (programu au TV inayocheza video) kila fremu iko wapi. Umeme ukikatika kwenye asilimia 96, unabaki na faili la GB 158 hivi ambalo hakuna programu inayolifungua. Hivyo usitume saa mbili kama kazi moja. Juu ya taimulaini ya Deliver kuna menyu ya Render. Ibadilishe kutoka Entire Timeline iwe In/Out Range. Weka alama I mwanzo na O dakika ya 20, bonyeza Add to Render Queue. Rudia hadi mwisho wa kazi, kila kipande na jina lake. Fremu yenye alama ya O inaingia ndani ya kipande, kwa hiyo kipande kinachofuata kianzie fremu moja mbele. Ukisahau, kila kiungo cha vipande kitakuwa na fremu iliyojirudia. Mwisho, kwenye Render Queue bonyeza Render All. Umeme ukikatika, unarudia kipande kimoja tu kilichokuwa kinaendelea.

Asubuhi ingiza vipande hivyo kwenye taimulaini mpya, vipange bila nafasi kati yao, visiguswe na rangi tena. Hapo ndipo pa kutolea mafaili ya wateja.

Faili la TV

TV inataka kitu cha kawaida kabisa. Kodeki ya H.265 inabana vizuri zaidi kuliko H.264 ya kawaida, lakini TV isiyoijua itakuonyesha skrini nyeusi yenye sauti, au ujumbe kwamba faili halitambuliwi. Biti 10 hali kadhalika. Shikilia hivi:

- Format: MP4, Codec: H.264
- Resolution: 1920 × 1080, Frame rate: 25
- Quality: Restrict to 8000 Kb/s
- Encoding Profile: High
- Key Frames: Every 25 frames
- Audio: AAC, 192 Kb/s, steryo, hezi 48,000

Kisanduku cha Restrict to kinasoma kilobiti. Anayeandika 8 akidhani ni megabiti anapata video ya rangi za ukungu zinazotembea. Ile fremu-funguo (Key Frame, fremu kamili isiyotegemea nyingine) ya kila sekunde moja ni kwa ajili ya rimoti: mama akisogeza mbele kutafuta kukata keki, TV inarukia fremu-funguo iliyo karibu. Zikiwa mbali mbali, picha inaganda au inaruka kupita pale alipotaka.

Kabla ya kutuma saa nzima, jaribu sekunde 20. Usichague hotuba, mtu aliyesimama mbele ya pazia hupendeza kwa bitireti yoyote. Chagua pale akina mama wanapoingia na kanga zao huku karatasi za rangi zikimwagwa kutoka juu na taa za disko zikizunguka. Kila fremu pale ni mpya, enkoda (sehemu inayobana picha) haina cha kukopa kutoka fremu iliyopita. Renda kipande hicho, kisimamishe katikati ya mwendo, kuza hadi asilimia 200 uangalie pindo la kanga. Kama mstari wa pindo bado ni mstari, umepata. Kama umegeuka vijisanduku vya mraba na jina la kanga halisomeki, ongeza bitireti au fupisha vipande viwe vitatu.

Mteja akisisitiza faili moja la saa mbili chini ya GB 4, tumia ffmpeg, programu inayobadili video kwa amri za maandishi, kwa mapito mawili. Pito la kwanza linapima wapi pagumu na wapi pepesi, la pili linagawa data kwa haki: hotuba zinapewa kidogo, dansi zinapewa zaidi. Renda kwanza taimulaini ya vipande vyako iwe faili moja liitwalo masta.mov, kisha kwenye Windows andika:

ffmpeg -i masta.mov -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -level 4.1 -b:v 4200k -pass 1 -an -f null NUL

ffmpeg -i masta.mov -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -level 4.1 -b:v 4200k -pass 2 -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi.mp4

Kwenye Mac na Linux, badala ya NUL andika /dev/null. Sehemu ya yuv420p ni ya lazima mapito yote mawili, kwa sababu DNxHR HQ huhifadhi rangi kwa mtindo wa 4:2:2 na TV za kawaida hazichezi H.264 ya aina hiyo. Nayo faststart huihamisha faharasa hadi mwanzo wa faili, jambo linalosaidia zaidi mtandaoni kuliko kwenye flashi, lakini halidhuru.

Faili la YouTube

YouTube itaibana upya video yoyote utakayopandisha, hata kama umeitengeneza kwa uangalifu gani. Kazi yako ni kuipa malighafi nzuri. Mapendekezo yao wenyewe kwa fremu 24 hadi 30 ni megabiti 8 kwa 1080p, 16 kwa 1440p, na 35 hadi 45 kwa 4K. Sauti AAC kilobiti 384, hezi 48,000.

Kwa video ya muhtasari ya dakika 10, megabiti 8 ni kama MB 600 za kupandisha, na megabiti 16 ni GB 1.2. Anayepandisha kwa bando la simu anaijua tofauti hiyo. Ila kama umeamua kutumia GB 1.2, usizitumie kwenye 1080p. Kwenye Resolution chagua Custom, andika 2560 × 1440, na Restrict to 16000. Video iliyopigwa 1080 haiongezeki undani kwa kukuzwa, hilo ni kweli. Faida iko kwingine: video za 1440p na kuendelea YouTube huzipa kodeki ya VP9, wakati za 1080p za chaneli ndogo mara nyingi huachiwa H.264 yenye bitireti finyu. Kwenye kanga na karatasi za rangi tofauti inaonekana wazi.

Sauti nayo isipitilize. YouTube huishusha video iliyo juu ya LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) −14, na iliyo chini haiipandishi. Kwenye ukurasa wa sauti, Fairlight, tazama mita ya Loudness, lenga karibu na −14, na vilele vya sauti visipite −1 dBTP. Muziki wa ukumbini uliorekodiwa karibu na spika hauhitaji msaada wako kufika huko. Mahubiri na nikahi ndiyo yanayohitaji kuinuliwa.

Faili la WhatsApp

Kata dakika moja, taimulaini ya wima, renda 720 × 1280 kwa kilobiti 1,800 na sauti 128. Inatoka kama MB 14.5. Ukituma kama video ya kawaida, programu itaibana tena. Ukitaka ifike kama ilivyo, tuma kama hati kutoka alama ya kiambatisho; hati inaweza kufika GB 2, ila mpokeaji hataiona ikicheza papo hapo ndani ya gumzo. Namba za upana na kimo ziwe shufwa kila mara. Anayeandika 405 × 721 ataambulia kosa, au mstari wa kijani pembeni.

Rangi zikibadilika baada ya kurenda

Ikiwa weusi umekuwa kijivu au, kinyume chake, suti ya bwana harusi imegeuka doa jeusi lisilo na mikunjo, kagua Data Levels ndani ya Advanced Settings. Video ya kawaida ya biti 8 hutumia ngazi 16 hadi 235. Mchezaji akidhani ni 0 hadi 255, au wewe ukilazimisha Full, ndipo hayo yanatokea. Iache Auto. Watumiaji wa Mac wana kesi yao: picha kwenye QuickTime Player inaonekana imefifia kuliko ndani ya Resolve. Kwenye Gamma Tag jaribu Rec.709-A, halafu ulinganishe kwenye simu na TV. Usirekebishe rangi za kazi nzima kwa sababu ya mchezaji mmoja.

Yanayokwamisha katikati

Ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU (kadi ya picha) imejaa mara nyingi huja kwenye klipu ile ile kila unaporudia. Fungua klipu hiyo. Utakuta uondoaji wa chenga, efekti nzito za Fusion, au picha mnato ya megapikseli 45 iliyotupwa kwenye taimulaini. Picha ipunguze hadi upana wa pikseli 3,840 kabla ya kuiingiza. Klipu ya chenga itengenezee kashe (matokeo yaliyohifadhiwa tayari) kwanza, kisha wakati wa kurenda tia tiki Use render cached images. Funga na kivinjari chako, kinakula kumbukumbu ya kadi hiyo hiyo.

Sekunde chache za skrini nyekundu zenye maneno Media Offline zina maana faili limehamishwa au diski ya nje imelala. Alama ya maji katikati ya picha ina maana kuna efekti ya toleo la Studio ndani ya toleo la bure. Iondoe, kurenda upya pekee hakusaidii. Na kwenye Linux toleo la bure halitoi H.264, kwa hiyo toa DNxHR na uiachie ffmpeg kazi iliyobaki.

Faili likikamilika, usiangalie mwanzo tu. Rukia dakika tano za mwisho, sikiliza kama midomo na sauti bado viko pamoja, kisha kagua kila kiungo cha vipande. Kopi kwenye flashi, itoe kwa Eject, ichomeke kwenye TV halisi, usogeze mbele kwa rimoti mara tatu nne. Masta ibaki kwenye diski hadi mteja athibitishe kwamba flashi imecheza kwake.